Kutoka Capri Point hadi Lamadi: safari ya kufuata maji na majitaka ya Mwanza

Kumbukumbu hizi zimepangwa baada ya kurudi nyumbani, kutoka kwenye daftari la safari na picha za simu. Tulisafiri mwezi Machi, mvua zikiwa zimeanza, na tulikuwa na swali moja tu. Maji ya Mwanza yanatoka ziwani, yanapanda mlima, yanatumika, yanashuka yakiwa machafu na kurudi ziwani. Katika mzunguko huo yanakula umeme kiasi gani, dawa kiasi gani, yanaacha uchafu kiasi gani, na wapi panaweza kupunguzwa bila mtu kukosa ndoo yake ya maji? Hesabu hiyo ina kiwango chake cha kimataifa, ISO 14045 cha mwaka 2012: unachukua thamani ya huduma, unaigawa kwa mzigo unaoutwisha mazingira. Kwenye karatasi ni mstari mmoja. Mwanza, mstari huo unapita juu ya mawe.

Jumatatu: Capri Point

Daladala kutoka Buhongwa hadi mjini ilikuwa shilingi 700. Kutoka katikati ya mji hadi Capri Point tulitembea kwa miguu kando ya ziwa, tukapita Jiwe la Bismarck, asubuhi kabla jua halijakaza. Capri Point kwa miaka mingi ndiko maji ya jiji yalikotoka, hadi mtambo wa Butimba ulipoanza kusaidia. Ukisimama pale na kugeuka nyuma, tatizo lote la Mwanza unaliona kwa macho: ziwa liko chini, watu wako juu.

Kuinua lita 1,000 za maji kwa mita moja kunahitaji uniti 0.0027 za umeme. Huo ni uzito wa maji, hauna mjadala. Nyumba iliyo mita 100 juu ya ziwa inahitaji uniti 0.27 kwa kila lita 1,000 hata kama pampu ingekuwa kamilifu. Pampu na mota yake zikifanya kazi kwa asilimia 65, inakuwa uniti 0.42, na hapo hujahesabu msuguano ndani ya bomba. Kwa hiyo lita inayovuja kilimani imeshabeba umeme mwingi kuliko inayovuja ufukweni. Tuliandika hilo juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari, na kila tulichokiona baadaye kilirudi hapo.

Mchana tuliruhusiwa kuingia kwenye kituo kimoja cha kusukuma maji ambacho hatutakitaja. Fundi wa zamu, mtu mzima mwenye utulivu, alitupa vitu vitatu ambavyo kila kituo kinapaswa kuwa navyo ukutani: mtiririko, presha na umeme. Mita ilisoma lita 100,000 kwa saa, geji ya presha ilionyesha sawa na mwinuko wa mita 130, na mota ilikuwa inavuta kilowati 60. Zidisha 100 kwa 130 kwa 0.002725, unapata kilowati 35.4 zilizoingia kwenye maji. Gawa kwa 60: asilimia 59. Pampu ya saizi ile ikiwa nzima hufika asilimia 70 na kitu. Kwa asilimia 72 ingevuta kilowati 49 tu, na ikifanya kazi saa 16 kwa siku, tofauti ni karibu uniti 170 kila siku.

Zinakwenda wapi? Fundi alituonyesha bila kutuambia. Alisimama kando ya pampu ya pili, ile ya akiba, ambayo ilikuwa imezimwa, akatuelekeza kwa kidevu tuangalie shafti. Ilikuwa inazunguka taratibu, kinyumenyume. Valvu ya kuzuia maji kurudi ilikuwa haifungi sawasawa, na sehemu ya maji yaliyosukumwa na pampu ya kwanza yalikuwa yanarudi chini kupitia pampu ya pili. Ukiingia kwenye nyumba yoyote ya pampu, angalia shafti ya iliyozimwa kabla ya kuangalia kitu kingine. Baada ya hapo angalia kama valvu ya kutolea imefungwa nusu (kuna wanaofanya hivyo ili kupunguza maji, na umeme unaishia kwenye valvu), kisha ulizia pete za ndani zinazozuia maji kurudi kwenye feni ya pampu zilibadilishwa lini. Mchanga huzila.

Kuna kitu kinachouzwa sana siku hizi kama dawa ya yote: kidhibiti kasi cha mota. Kwenye mji tambarare kinaokoa umeme vizuri. Kwenye vilima tahadhari. Kasi ikishuka kwa asilimia 10, uwezo wa pampu kuinua maji unashuka kwa asilimia 19. Kama tangi liko mita 115 juu na pampu ilikuwa inatoa 130, ukipunguza kasi kidogo tu maji hayapandi, au yanapanda kidogo mno, na pampu inabaki kuyachemsha yaliyo ndani yake. Kwenye mwinuko wa namna hii, pampu ya saizi sahihi inayojaza tangi kwa kasi yake kamili ni bora kuliko pampu kubwa iliyopunguzwa kasi.

Chakula cha mchana kilikuwa sato wa kukaanga na ugali karibu na Mwaloni, shilingi 7,000, na mama alituongezea mchuzi bila kuombwa.

Usiku wa kuamkia Jumatano: kusikiliza bomba

Jumanne mchana hakuna cha kusimulia. Tulisubiri vibali kwenye benchi la ofisi.

Saa saba na nusu usiku tulikuwa kwenye mtaa mmoja wa mlimani na mafundi wawili wa mabomba. Uvujaji hutafutwa usiku, kati ya saa nane na saa kumi, kwa sababu mbili: matumizi yamelala, na presha imepanda. Unachagua kanda ndogo yenye bomba moja la kuingilia, unafunga mita kubwa mlangoni mwake, unaona kinachoendelea kupita wakati watu wamelala.

Hapa kuna mtego. Kwenye miji yenye mgao, usiku ndio muda ambao simtanki zinajaa. Mita ya kanda inaweza kuonyesha maji mengi saa nane usiku na yote yakawa yanaingia kwenye matangi ya watu kihalali. Vitabu vilivyoandikwa kwa miji yenye maji saa 24 havina jibu la moja kwa moja kwa hilo. Mafundi wetu walilitatua kwa hatua: wanafunga valvu ya uchochoro mmoja, wanasoma mita, wanafunga wa pili, wanasoma tena. Mtiririko unaposhuka kuliko inavyotegemewa kwa idadi ya nyumba za uchochoro huo, wanaweka alama. Halafu wanafungua tena valvu na kupita mita za wateja za uchochoro huo kwa tochi. Kama mita zimetulia na maji yanapita, yanakwenda ardhini.

Kifaa chao cha kusikilizia kilikuwa nondo ya milimita 12, urefu wa mita moja na nusu, iliyonolewa ncha. Ncha inawekwa juu ya valvu au bomba, ncha nyingine nyuma ya sikio, kwenye mfupa. Maji yanayopita kawaida hayasikiki karibu kabisa. Yanayovuja yanatoa mvumo mmoja mkali usiokatika. Tulipewa nondo tusikilize, na mvumo ule ukishausikia mara moja hauutafuti tena. Fundi alihama valvu hadi valvu mpaka sauti ilipozidi, akachora msalaba kwa chaki kwenye jiwe.

Walichimba kulipokucha. Ilikuwa kwenye sado, kibanio kinachotoa bomba la mteja kwenye bomba kuu, ambako uvujaji mwingi huanzia: mpira uliokauka, boliti iliyokazwa upande mmoja, au tundu lililotobolewa kwa msumari wa moto badala ya drili. Maji yalikuwa yanapita chini ya jiwe na kutokea mtaroni mbali, ndiyo maana hakuna aliyeyaona. Kabla ya kufunga tuliyaelekeza kwenye ndoo ya lita 20: ilijaa kwa sekunde 45. Hiyo ni lita 38,400 kwa siku. Simu ilionyesha tuko mita 120 hivi juu ya ziwa. Kwa pampu ya asilimia 65, ni uniti 19 za umeme kila siku, zikimwagwa chini ya jiwe moja. Mteja mdogo wa umeme wa nyumbani, yule wa daraja la uniti 75 kwa mwezi, angetumia mwezi mzima kile ambacho tundu lile lilikula kwa siku nne.

Mama anayeuza chai pale chini aliwasha jiko mapema kwa ajili yetu. «Mwangaluka, mayu,» fundi akamsalimia, naye akajibu na kumimina vikombe kabla hatujakaa. Chapati mbili na chai, shilingi 1,000.

Kuziba tundu ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni presha. Tangi likiwa mita 80 juu ya nyumba za bondeni na hakuna kitu katikati, nyumba hizo zinapata presha ya bar 8. Tundu la milimita 6 kwenye bar 5 linatoa lita 46,000 kwa siku. Tundu hilohilo kwenye bar 2 linatoa 29,000. Kwenye mabomba ya plastiki tofauti huwa kubwa zaidi, kwa sababu ufa unafunguka presha ikipanda. Kwa mji wa vilima dawa yake ni kugawa mlima kwa ngazi: kila mita 40 hadi 50 za mwinuko, weka valvu ya kupunguza presha au tangi dogo la kuvunja presha. Valvu inahitaji chujio mbele yake na mtu wa kuisafisha. Bila hivyo, baada ya mvua za kwanza inaziba, mtaa unakosa maji, na mtu mmoja anaizungushia bomba la pembeni usiku. Tangi la kuvunja presha halina ujanja wa kuharibika isipokuwa boya lake. Mlima wenye mafundi wachache uwe na matangi.

*Kwa atakayefuata njia hii:* usiku usitembee milimani bila mtu wa mtaa, na mjulishe mwenyekiti wa mtaa mapema. Watu watano wenye tochi na nondo saa nane usiku wanahitaji kutambulishwa.

Jumatano mchana: majitaka yanashuka bure

Tulilala hadi saa tano, kisha tukapanda bodaboda (shilingi 2,000) kwenda kuona mfumo rahisi wa majitaka. Kwenye vilima vya Mwanza shimo la choo halichimbiki: ukishuka nusu mita umekutana na mwamba. Ndiyo maana mradi wa LVWATSAN (mradi wa maji na usafi wa mazingira wa Ziwa Victoria), uliogharamiwa pamoja na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya na Shirika la Maendeleo la Ufaransa, ulijenga mabomba membamba yanayopita kati ya nyumba, yasiyo na kina, na chemba ndogo badala ya chemba kubwa za barabarani. Choo kinamwagiwa maji kwa kopo, mzigo unaingia kwenye bomba la inchi nne na kushuka wenyewe. Hakuna pampu. Mlima ulioidai pampu umeme asubuhi unarudisha fadhila jioni.

Mvua ilitukuta hapo, na ilitufundisha kuliko mtu yeyote. Bibi mmoja alituita barazani kwake, tukamwamkia, akatupa vigoda na matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) kwenye sahani, kisha akatuonyesha kwa kidole chemba iliyo chini ya nyumba yake: mfuniko ulikuwa unainuka na kushuka kwa nguvu ya maji. Juu yake kuna aliyeunganisha maji ya bati lake kwenye bomba la choo. Bomba la inchi nne limepimwa kwa makopo ya choo na maji ya kuogea. Bati la mita 50 za mraba likipata mvua ya milimita 30 linaleta lita 1,500 kwa saa moja au chini ya hapo. Mabati kumi yakifanya hivyo, anayepata kinyesi mlangoni ni wa chini, aliyekosea ni wa juu, na hawafahamiani. Wakati wa kuunganisha wateja, mkaguzi aangalie mfereji wa bati kabla ya kuangalia choo.

Mengine yanayoharibika: mchanga na kokoto vinatua pale mteremko mkali unapokutana na tambarare, kwa hiyo chemba iwe palepale kwenye goti la mlima, na izibuliwe kabla ya masika. Bomba la plastiki lililolazwa juu ya mwamba bila kufunikwa linakaushwa na jua na kuwa jepesi kupasuka. Lifunikwe kwa zege au litumike bomba la chuma kwenye sehemu hiyo. Na kila jiko lenye kuuza chakula liwe na kisanduku cha kunasa mafuta. Mafuta ya kukaangia samaki yakipoa ndani ya bomba huganda na kushika kila kinachopita.

Alhamisi: Mirongo na mabwawa ya Butuja

Asubuhi tuliufuata mto Mirongo kutoka Mabatini kuelekea ziwani. Baada ya mvua ulikuwa umebeba chupa, matambara na tope jekundu. Chochote kisichoingia kwenye bomba la majitaka juu kule, Mirongo unakipeleka ziwani ndani ya saa chache bila kutibiwa.

Kilichoingia bombani kinaelekea kwenye mabwawa ya Butuja, wilaya ya Ilemela. Daladala za upande wa Airport zinapita karibu, tulilipa shilingi 600, halafu bodaboda. Mabwawa ya aina hii ni teknolojia yenye heshima yake: bwawa la kwanza lenye kina cha mita 3 hadi 5 ambako uchafu unaoza bila hewa, la pili la mita 1.5 hadi 2 ambako mwani unaleta oksijeni, na ya mwisho, yenye kina kidogo, ambako jua linaua vijidudu. Umeme hautumiki, au karibu hautumiki. Ukipita kwa haraka utasema hapa hakuna la kuboresha.

Tulikaa kwenye ukingo na kupiga hesabu. Mtu mmoja anatoa takribani gramu 40 za uchafu unaooza kwa siku, sawa na kilo 14.6 kwa mwaka. Kwa vigezo vya IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, kilo moja ya uchafu huo inaweza kutoa hadi kilo 0.6 za methane, gesi inayotoka uchafu unapooza bila hewa, na bwawa lenye kina kirefu lisilo na hewa linafikia asilimia 80 ya kiwango hicho. Ni kilo 7 za methane kwa mtu mmoja kwa mwaka. Kilo moja ya methane ina nguvu ya kupasha dunia joto kama kilo 28 za kaboni dayoksaidi, kwa hiyo ni sawa na karibu kilo 200 za kaboni dayoksaidi. Sasa umeme: mtu huyohuyo akitumia lita 80 kwa siku zilizoinuliwa kwa uniti 0.45 kila lita 1,000, anatumia uniti 13 kwa mwaka. Hata umeme wote ungetoka kwenye makaa ya mawe, ingekuwa kilo 13 hivi. Nao hautoki huko: bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 limefanya sehemu kubwa ya umeme wa gridi kuwa wa maji.

Hapo ndipo daftari liligawanyika kurasa mbili. Fedha za mji zinavuja milimani, kwenye pampu na mabomba. Hewa chafu inatoka kwenye bwawa la kwanza, na haionekani. Mji unaonunua pampu mpya na kutangaza kwamba umelinda hali ya hewa umefanya jambo jema kwa bili yake, lakini mzigo mkubwa bado unapanda juu kwa mapovu. Tulichuchumaa ukingoni: yalikuwa yanatoka bila kupumzika, madogo, yakipasukia chini ya utando.

Cha kufanya kinajulikana. Bwawa la kwanza linafunikwa kwa turubai la plastiki nene linaloelea, gesi inakusanywa pembeni, inachomwa. Kuchoma tu, hata bila kuzalisha umeme, kunaondoa sehemu kubwa ya madhara. Kampala walikwenda mbali zaidi: mtambo wa Bugolobi umejengwa na matangi ya kuozeshea tope yanayotoa gesi ya kuendeshea jenereta. Kwa mabwawa, shida za turubai ni tatu: mvua inayotuama juu yake (lazima kuwe na pampu ndogo ya kuitoa), matambara na pedi zinazojenga kisiwa chini yake (lazima wavu wa kuingilia usafishwe kila siku), na tope ambalo huwezi tena kulifikia kirahisi, kwa hiyo mabomba ya kulinyonyea yawekwe kabla ya kufunika.

Tope lipimwe mara moja kwa mwaka, na kifaa hakigharimu chochote: mti mrefu uliozungushiwa taulo jeupe nusu yake ya chini. Watu wawili kwenye mtumbwi, majaketi ya kuokolea yamevaliwa, mti unashushwa wima hadi sakafu, unasubiri nusu dakika, unauinua taratibu. Chembe za tope zinashika kwenye taulo na mstari unaonekana wazi. Likifika theluthi ya kina, ni wakati wa kuliondoa. Likiachwa, maji yanakata njia ya mkato juu yake na kutoka kabla hayajaoza. Rangi nayo husema: bwawa la pili likiwa kijani, mwani unafanya kazi; likigeuka la waridi au la kijivu, limezidiwa.

Jambo moja mabwawa hayaliwezi vizuri: fosforasi. Sehemu yake kubwa inapita, na ziwani inalisha mwani na magugu maji, ambayo yanarudi kumsumbua anayesafisha maji ya kunywa. Maji ya bwawa la mwisho yakimwagilia miti au majani ya mifugo kabla ya kufika ziwani, fosforasi inabaki shambani inakotakiwa.

Ijumaa: Butimba, Usagara, Ihelele

Mtambo wa Butimba una uwezo wa lita milioni 48 kwa siku. Kwa kiasi hicho, kosa dogo la dawa si dogo: shabu, dawa ya kutuamisha uchafu, ikizidi kwa miligramu 10 tu kwa lita, ni kilo 480 zinazopotea kila siku, na zinaongeza tope la kutupa. Kinga yake ni jaribio la majagi, na mtambo wowote, hata wa kijiji, unaweza kulifanya. Yeyusha gramu 10 za shabu kwenye lita moja ya maji safi. Panga majagi sita ya lita moja ya maji ya ziwa. Mililita moja ya mchanganyiko wako ni miligramu 10, kwa hiyo weka mililita 1, 2, 3, hadi 6. Koroga haraka dakika moja, kisha taratibu dakika 15 hadi 20, acha litulie nusu saa. Chagua dozi ndogo kabisa iliyotoa maji meupe. Rudia kila maji ya ziwa yanapobadilika: baada ya mvua kubwa, upepo wa usiku, au mwani unapochanua.

Mwani unahitaji akili zaidi. Kishawishi ni kumwaga klorini mwanzoni kabisa ili kuuua. Ukifanya hivyo chembe zinapasuka na kumwaga sumu zilizokuwa nazo ndani ya maji, na klorini yenyewe inaisha kabla haijafika kwenye kazi yake. Uondoe mwani ukiwa mzima, kwa shabu na chujio, kisha weka klorini mwishoni. Pia mwani hupandisha pH (kipimo cha uasidi wa maji) mchana, na klorini hudhoofika pH ikipita 8. Kipimo cha asubuhi peke yake kinadanganya.

Kutoka Nyegezi basi dogo la Misungwi lilikuwa shilingi 2,500, na lilikaa stendi zaidi ya saa nzima likisubiri abiria. Usagara ndipo njia ya Sengerema na Geita inapokata. Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, hivyo foleni ya kivuko haipo tena. Kutoka Misungwi tulipanda bodaboda kwenda Ihelele. Matope yalikuwa mengi, na kijana aliyetubeba alikataa nyongeza tuliyompa kwa kusubiri.

Ihelele ndipo maji ya Shinyanga na Kahama yanapoanzia, na baadaye bomba limeendelezwa hadi Nzega, Igunga na Tabora. Yanasukumwa hadi kilima cha Mabale, na toka hapo mteremko unafanya kazi. Kwenye mabomba marefu ya kupandisha, adui mkubwa ni umeme kukatika ghafla. Maji yaliyokuwa yanakwenda mita moja kwa sekunde yakisimama mara moja ndani ya bomba la chuma, presha inaruka kwa sawa na mwinuko wa mita 100 juu ya ile iliyokuwepo. Mafundi huita mshindo. Kinachopasuka siku tatu baadaye mara nyingi kiliumia siku ile. Kwa hiyo matangi ya hewa ya kumeza mshindo, valvu za kutoa na kuingiza hewa kwenye kila kilele cha bomba, na valvu zinazofunga polepole vina faida ya moja kwa moja kwa mazingira: kila mpasuko ni maelfu ya lita zilizosafishwa na kuinuliwa zikirudi ardhini. Ukikuta valvu ya hewa imefungwa kwa sababu «ilikuwa inalia», ifungue.

Jumamosi: Magu na Lamadi

Basi la upande wa Musoma linaanzia Nyamhongolo. Nauli hadi Lamadi ilikuwa shilingi 6,000, lami njia nzima. Mto Simiyu ulikuwa umejaa, rangi ya chai ya maziwa, ukielekea Ghuba ya Speke.

Lamadi, kama Magu na Misungwi, ilipata mradi wake wa maji chini ya LVWATSAN. Miji ya saizi hii haina mtandao wa majitaka na haiuhitaji bado. Ina vyoo vya shimo na gari la kunyonya. Hesabu ya gari ni hii: tope la choo ni maji kwa asilimia 97 hivi. Gari la lita 5,000 linabeba lita 4,850 za maji na kilo 150 za kitu. Ukiweka sehemu ya kumwagia kilomita 30 kutoka mjini, unachoma dizeli kusafirisha maji, bei ya mwananchi inapanda, na usiku mmoja dereva atamwaga korongoni. Vitanda vya kukaushia viwe karibu, upande wa chini wa upepo, mbali na visima.

Kitanda chenyewe: kokoto kubwa chini, ndogo juu yake, mchanga juu kabisa, bomba lenye matundu sakafuni la kupeleka maji yanayochuja kwenye bwawa dogo. Tope limwagwe kina cha sentimita 20 hadi 30, si zaidi. Likizidi, juu linakauka na kuwa gamba, chini linabaki uji. Kiangazi wiki mbili zinatosha. Masika bila paa halikauki, kwa hiyo weka paa la bati la kuangaza kwenye nusu ya vitanda. Kila mara unapozoa, sentimita moja au mbili za mchanga zinaondoka nalo. Weka akiba ya mchanga safi pembeni. Tope lililokauka lisiende shambani moja kwa moja. Mayai ya minyoo yanavumilia. Lihifadhiwe pakavu angalau mwaka mmoja, na hata hapo liende kwenye miti au pamba kabla ya mboga.

Tulikula sato na ugali wa muhogo stendi, shilingi 5,000. Mwenye mgahawa alitusimamishia basi la kurudi na kumwambia kondakta atushushe Igoma. Magari ya kurudi Mwanza huwa mengi hadi saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo unategemea mabasi yanayotoka Musoma yakiwa tayari yamejaa.